Tawi la Mei Mlangoni

Bi Gwenda Beddoes alikuwa na miaka minane alipoingiza nyumbani tawi la mti wa mei, ule wa miiba unaochanua mwezi wa Mei, limechanua jeupe pepepe, akalitia kwenye jagi ili amfurahishe mama yake. Jirani aliliona akalitupa nje. Wiki tatu baadaye mama akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Pale kijijini hakuna aliyemlaumu mtoto. Walimtazama tu, na macho yao yalitosha: anayeingiza mei ndani humuua mama yake.

Miaka sitini ikapita, mti huo haujatia mguu bustanini kwake. Kisha Januari moja upepo ukaangusha uzio wa mbao pamoja na mimea itambaayo iliyoufunika. Shomoro waliolala humo wakatawanyika, kondoo wa jirani wakaingia wakafyeka kabichi zote. Sasa alitaka wigo wa miiba, na alitakiwa aupande kabla ya Machi, maana miche huuzwa mizizi ikiwa mitupu, bila udongo, nayo ikishachipua haipandiki tena.

Bwana Tudge, muuza miche, akampangia miti ya kupanda. Bi Gwenda alikubali plamu mwitu, akakubali waridi mwitu, na holi ambayo majani yake humchoma hata paka. Alipotajiwa mei, akatikisa kichwa.

"Bi Gwenda, mei ndimo ndege wanamojenga viota, tena matunda yake ndiyo wanayokula theluji ikianguka," alisema Tudge. "Au unataka shomoro wako wahamie kwangu? Mke wangu anasema kelele zangu zinamtosha."

Bi Gwenda hakucheka. Jioni alimweleza Hilary, binti yake, ambaye alikuwa akiishi naye pamoja na mtoto wake Nell, wa miaka mitatu.

"Mama, bibi aliuawa na mapafu, si maua."

"Najua. Lakini Nell atajuaje kuwa si maua?"

"Kwani nani atamwambia ni maua?"

Swali hilo lilimzunguka kichwani siku mbili. Siku ya tatu akanunua miche ya mei, akaipanda mwisho kabisa wa mpaka, mbali na mlango.

Shomoro walirudi. Hata kalunguyeye akahamia chini ya majani makavu. Mwaka wa tano mei ikachanua kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo Hilary alikuwa anakohoa tangu Pasaka, dawa hazimsaidii, daktari anataka picha nyingine ya kifua.

Bi Gwenda alikuwa akimenya viazi alipomwona Nell kizingitini, mikono ina mikwaruzo, amekumbatia tawi jeupe.

"Nimemchumia mama, Bibi. Labda atapata nafuu."

"Simama hapo hapo."

Mtoto akasimama, mguu mmoja hewani. Akamtazama bibi yake usoni, akaanza kuogopa asichokijua. Bi Gwenda aliutambua woga ule. Alitambua pia macho yaliyouleta. Safari hii yalikuwa yake mwenyewe.

"Nimefanya nini, Bibi?"

"Viatu vyako vina matope, mjukuu wangu. Nipe mimi nilipeleke."

Mama yake yeye alikwisha kufa. Hakuwa na mama mwingine wa kupoteza. Alilipokea tawi, miiba ikamwingia kiganjani, akavuka nalo kizingiti, akalitia kwenye jagi mezani. Nell akavua viatu, akakimbilia juu kumwita mama yake aje aone. Bi Gwenda akabaki amekaa kando ya jagi, akisikiliza kikohozi kikishuka ngazi polepole.