Rangi ya Kijani Ndani ya Jicho Langu

Mie naitwa Mwanahawa, mzaliwa wa Mtoni, Temeke. Nilikuwaga mshonaji wa kofia za mkono. Kazi ile ni ya macho: ukikosea kitobo kimoja, mvaaji atakiona siku ya Idi mbele ya watu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilishikwa na homa, mdomo ukatoka vidonda vya maji. Homa ikaisha. Siku chache baadaye jicho la kulia likaanza kukereketa kama lina mchanga. Likawa jekundu, machozi yakitiririka, na mwanga ukilipiga nasikia sindano.

Wakati ule maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yakifunguliwa kila mtaa. Mume wangu, Shabani, akaninunulia dawa ya matone. Hakuna aliyelipima jicho. Siku mbili wekundu ukapungua, tukafurahi. Wiki ya pili ukungu ukaingia. Nikiziba jicho la kushoto lililo zima, uso wa Shabani siuoni. Naona kivuli kinachozungumza.

Wifi yangu Zuhura akasema, "Hii husuda, wifi. Ni yule jirani, Bi Tatu. Si alizisifu kofia zako?"

Shabani akakataa. "Kwanza hospitali. Kama ni husuda, itatungoja."

Daktari wa macho, mama wa makamo, alikisoma kichupa changu, akakiweka kando. "Dawa hii inaondoa wekundu, lakini inamlisha adui." Akanigusisha karatasi nyembamba yenye rangi ndani ya kope la chini, akazima taa, akawasha mwanga wa bluu. Akamwita Shabani achungulie kwenye mashine.

"Mbona kama mti!" Shabani akasema. "Una matawi, unawaka kijani."

"Ndicho kidonda chenyewe. Cha matawi hivi, mara nyingi huletwa na kirusi, kilekile cha vidonda vya mdomo."

Akalitia jicho ganzi, akakikwangua kidonda polepole. Sikuumia, lakini nililia kwa woga. Chembe alizokwangua akazipeleka kwa wataalamu wa maabara, waliotafuta vinasaba vya kirusi kwa rangi inayong'aa ikivikuta. Marhamu ya jicho alinianzishia siku ileile, mara tano kwa siku.

Wiki mbili baadaye nilirudi na Zuhura. Daktari akatuambia, "Maabara wamekiona. Rangi imewaka. Ni kirusi."

Zuhura akainamisha kichwa. "Mungu wangu! Na mie nimeshamtangaza Bi Tatu mtaa mzima kuwa ni hasidi." Siku hiyohiyo akaenda mwenyewe kumwomba radhi.

Ukungu uliondoka taratibu. Kovu dogo limebaki, na nikitazama taa huiona imezungukwa na duara la mwanga. Lakini naona.

Ndugu zangu, jicho likiwa jekundu, msitie tone lolote kabla halijapimwa. Na msimtaje mtu kabla daktari hajachungulia. Namshukuru Mungu, daktari na mume wangu. Namshukuru na Bi Tatu. Alitusamehe, na siku ambazo Shabani alikuwa kazini, yeye ndiye aliyekuja kunipaka marhamu.