Miezi Minne Bila Kukaa

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ya msiba kule kwetu mlimani Mgeta. Wanaume wenzangu wote wameketi kwenye mabenchi chini ya turubai, mimi nimesimama kama askari wa zamu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina mke na mtoto mmoja, na moyoni nilikuwa na hakika kwamba msiba utakaofuata ni wangu.

Nilikuwa natoka damu chooni. Ilianza kwa maumivu tu, nikasema ni uchovu wa kushusha magunia ya kabichi. Kisha nikaona damu, na kinyama kikajitokeza, na kukaa kukawa adhabu. Mke wangu hakujua. Ningemwambiaje? Mimi niliyekuwa nikijigamba kubeba gunia peke yangu, leo nianze kuzungumzia makalio? Nikitaka kwenda chooni nilisubiri kwanza atoke kuchota maji.

Halafu nikafanya ujinga ambao mpaka leo unanitia hasira. Kwa kuogopa choo, nikawa nadonoa chakula na kuepuka maji, nikidhani kisipoingia kitu hakitatoka kitu. Mboga zetu zote ziliondoka na Fuso kwenda mjini Morogoro. Nyumbani tulibaki na ugali wa sembe na samaki mkavu. Choo kikawa kigumu kama kokoto, damu ikazidi. Nikanunua unga wa dawa kwa mpita njia, nikajipaka. Uliniunguza mpaka nikauma shuka.

Basi pale msibani, mtani wa ukoo wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Mama Pili, akaanza kazi yake. Unawajua watani, msibani wana ruhusa ya kusema lolote. Akaninyooshea kidole mbele ya watu, akasema huyu hakai, labda anasubiri jeneza lake, aitwe fundi ampime kabisa. Watu wakacheka. Mimi nikaanza kulia.

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, akauliza nina nini. Nilisingizia mgongo. Hakuondoka.

"Natoka damu, mama," nikasema. "Huku nyuma. Miezi minne sasa."

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kaka yangu naye alikuwa hakai, hivi hivi," akasema. "Tulimtania mwaka mzima. Alipokubali kupimwa ilikuwa saratani, na imeshasambaa. Kesho unashuka mjini. Na usipomwambia mkeo leo, nitamwambia mimi."

Usiku ule nilimwambia mke wangu, na kesho yake tukashuka wote wawili. Njia nzima nilikuwa nikiwaza nani atamlea mtoto wangu. Daktari alinilaza ubavu, akanipima, ikaisha hata kabla sijamaliza kuona haya. Akasema ni bawasiri, na hakuona kitu kingine. Mke wangu ndiye aliyeshukuru. Nilipewa dawa ya kupaka, nikaambiwa nikae ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kama robo saa, mara mbili au tatu kwa siku, nile mboga na maharage, ninywe maji ya kutosha, na nisijikamue chooni. Baada ya wiki chache nilikuwa nakaa kama watu wengine.

Mwanangu, maumivu haya yakikupata, fanya hivyo hivyo, na usikae chooni na simu kama mnavyofanya siku hizi. Lakini ukiona damu, usijitibu kwa kubahatisha, wala usijiambie ni bawasiri kwa kuwa mimi ilikuwa bawasiri. Nenda ukapimwe. Kaka yake Mama Pili naye alijiona anajua kinachomsumbua, na dada yake hakumuuliza mapema.

Mungu akujalie choo laini, mwanangu, na akuweke karibu na mtu asiyechoka kukuuliza.