Ngazi Sabini na Mbili

Siku Teresina alipokabidhiwa funguo za nyumba ya serikali kule upande wa Jebel, alipiga vigelegele mpaka karani akaziba masikio. Miaka mingi ukimbizini Uganda, mingine sita katika chumba cha mabati mtaani Hai Cinema, na sasa vyumba viwili vya saruji na bomba jikoni! Orofa ya nne, lakini nani aliyejali?

Mama yake, Night, alijali. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Siku ya kuhamia, vijana wa kanisani walimpandisha mgongoni, ngazi sabini na mbili, na tangu hapo hakushuka.

Maji nayo hayakupanda. Bomba lilikohoa hewa wiki nzima, kisha likanyamaza. Kila alfajiri Teresina alipanda na jerikani kichwani kabla ya kwenda sokoni kuuza siagi ya karanga. Fortunato, msimamizi wa majengo, alikuwa na jibu moja tu: "Pampu inakuja."

Mama alishinda dirishani. "Huku hakuna mtu anapita kunisalimia," alilalamika. "Mimi iko kama kuku ndani ya tenga."

Mwezi wa tatu tangu wahamie, mdogo wa Night akafariki. Asubuhi ya maziko wanaume wote walikuwa kazini. Teresina akamsihi Fortunato amshushe mama.

"Kubeba watu si kazi yangu, mama."

Conrad, dereva wa bodaboda, alipopatikana kumshusha, jua lilikuwa limeshapinda. Walipofika makaburini, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Night aliketi kando ya tuta, akalishika kwa viganja viwili.

Waliporudi, aling'ang'ania nguzo ya chini. "Sipandi, mwanangu. Nilale hapa hapa."

Eseza, msusi wa Kiganda aliyeishi orofa ya chini, akamtandikia kitanda. Asubuhi akamwambia Teresina, "Dada, tubadilishane nyumba. Huku maji ya choo yanarudi ndani kila mvua ikinyesha. Nimechoka kudeki. Ukiweza harufu, chukua."

Teresina akaenda ofisini.

"Fomu haina nafasi ya kubadilishana," alisema Fortunato.

"Basi andika pembeni."

Akafunga faili.

Jumamosi wakabadilishana wenyewe, mchana kweupe, vitanda vikipita mbele ya mlango wa ofisi.

"Nitawaripoti!" Fortunato alifoka.

"Ripoti," Teresina alimjibu. "Ila kwanza shika upande huu, kitanda ni kizito."

Hakushika. Baada ya siku tisa barua ikaja: kila mtu arudi kwenye nyumba aliyoandikishiwa, la sivyo atolewe. Teresina aliisoma mara mbili akiwa amesimama kwenye maji machafu yaliyofika vifundoni. Nje, mama yake alikuwa akisalimiana na muuza mboga, akimuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja.

Aliiweka barua juu ya kabati, akachukua ufagio. Jioni, kama walivyokubaliana, akampandishia Eseza jerikani moja. Pampu ilikuwa bado inakuja.