Nati Iliyokunja Goti la Ukumbi Mzima

Saa tatu asubuhi. Mama Nati anatandika taulo kuukuu mezani, analaza gitaa jekundu la umeme juu yake, kisha anagusa kwa kidole nati inayoshikilia tundu la kuchomekea waya. Inacheza. Imecheza hivyo kwa miaka ishirini na sita.

"Plaisi weka mbali," anasema, akiisukuma kwa kiwiko. "Inaitafuna nati mpaka pembe zinaisha, halafu inateleza na kuchubua rangi. Nusu ya wateja wangu wameletwa hapa na plaisi."

Spana ya kawaida ni nene, haiingii kwenye kishimo ilimozama nati. Anachagua soketi ndefu, namba kumi na tatu, aliyoisaga ukingo mwenyewe ikawa nyembamba. Anaipachika aone kama inapwaya. Haipwayi. Lakini anairudisha mezani, mara ya tatu asubuhi hii.

Si kawaida yake kusitasita. Fundi huyu wa miaka sitini na mmoja hutengeneza magitaa kumi mwezi ukiwa mzuri. Ukiwa mbaya hupata mawili, akashona mifuko ya vyombo vya muziki kuziba pengo. Ila gitaa hili ni la marehemu mumewe.

Alilipiga katika bendi ya dansi. Nati ilipolegea, sauti ikawa inakatika, naye akawa anakunja goti la kulia ili paja libane waya. Watu wakadhani ni mtindo. Haukupita mwezi, ukumbi mzima ulikuwa unacheza kwa goti moja, na yeye akaitwa Bwana Goti.

"Nilimwambia, bwana wee, nipe dakika mbili nikukazie. Akacheka mpaka machozi. 'Ukikaza, nitasimamaje? Watu wanakuja kuona goti!' Siri ikabaki ya humu ndani."

Siri hiyo ilifichuka wiki iliyopita. Mpiga gitaa la pili wa bendi, aliyeuza la kwake zamani, alikuja kuazima hili, sauti ikamkatikia, ikabidi Mama Nati amweleze. Wanabendi walio hai ni watatu, na Jumamosi wanapiga pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi, miaka saba sasa.

"Miaka yote tunamuiga, kumbe mwenzetu kashikilia waya!" anasema mzee huyo kutoka kwenye kiti cha plastiki. "Shemeji, goti langu lina chuma. Nikisimama kama yule bwana, mtanitoa jukwaani kwa machela."

Mama Nati anacheka, kisha anaishika tena soketi.

"Nikikaza, naona kama namzika tena," anasema. "Lakini likikaa kabatini halisemi kitu."

Anafungua kibati kinachofunika nyaya, anashika tundu kwa ndani ili nyaya zisijisokote, anazungusha soketi. Robo mzunguko, na kidogo tena. Basi.

Mzee anachomeka waya, anasimama wima, anapiga. Sauti inatoka safi, haikatiki. Mama Nati anasikiliza huku ameegemea meza, na ni mzee anayemwonyesha kwa kidevu: goti la kulia la mama huyo limekunjika lenyewe.

Anajifuta macho kwa pembe ya taulo.

Jumamosi atafunga karakana mapema. "Nitakaa mbele kabisa, niwape mgongo wapigaji," anasema. "Nataka kuwatazama watu. Nati imekaza sasa. Nione ni wangapi bado watakunja goti."