Dawa ya Nyanya Niliyoibeba Hadi Mitunguu

Niliondoka Thika kwa sababu ya nyanya, ingawa kusema kweli ningeondoka hata kwa sababu ya pilipili. Mimi nikikaa mahali pamoja miaka miwili, nyayo zinaanza kuniwasha. Nimeuza mitumba Kitale, nimelinda ghala Mombasa, na sasa nina kibanda cha chakula karibu na lango la kiwanda cha nguo. Napika ugali, sukuma na nyama ya kukaanga, na kila sahani inabebwa na kachumbari. Wateja wangu wengi hawajui kwamba naitwa Nyaga. Wananiita Kachumbari, na mimi naitika.

Jumatatu hiyo dada yangu Wanjira, aliyeolewa Mitunguu, alinipigia simu. Mume wake Murithi alikuwa na nusu eka ya nyanya zinazoiva.

"Kwa nini ununue kwa broka na shemeji yako analima?" alisema. "Kuja ujionee mwenyewe. Lori inapakia Alhamisi, itakubebea zako hadi Thika."

Kisha Murithi akachukua simu. "Shemeji, ukipitia Embu niingilie agroveti uniletee dawa. Huku kwetu imeisha. Nakutumia jina. Waambie ni ya nyanya imeiva."

Nilifurahi kutumwa. Agroveti kwangu ilikuwa ni utoto wangu, siku ambazo haikuitwa hivyo. Tuliita tu duka la mbegu.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha pikipiki yangu kuukuu. Mwea nilipunguza mwendo niangalie mpunga, nikapita Embu mjini bila kusimama, nikapanda kuelekea Manyatta, nilikozaliwa.

Saa nne nilikuwa mbele ya duka lile lile ambalo baba alikuwa akinileta kabla ya mvua. Zamani lilikuwa na magunia yaliyokunjwa midomo, na muuzaji alikuruhusu uingize mkono kwenye maharagwe ya mbegu hadi kwenye kiwiko. Nilipenda ule ubaridi wake. Siku hizi kuna wavu wa chuma, rafu hadi darini, na chupa za rangi kama za duka la manukato. Nyuma ya wavu kuna mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye koti jeupe. Kila mtu anamwita daktari.

Mama mmoja mbele yangu alifungua kiondo, akatoa mfuko wa karatasi, akauweka juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na kinyesi cha ng'ombe, bado kina mvuke.

"Daktari, niangalizie. Tangu jana yuko hivi."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Daktari hakushtuka hata kidogo. Aliinama, akanusa, akakoroga kwa kijiti. "Umemlisha nini, mama? Majani ya viazi vitamu?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ya gunia ama kidogo ya mkono?"

Watu wakacheka, mama naye akacheka. Aliyemfuata alifungua leso yenye jani la kahawa lililooza pembeni. Mzee mwingine alikuwa na kuku mzima kwapani, kichwa kimelala. Zamu yangu ilipofika daktari aliniangalia mikono.

"Na wewe mgonjwa wako yuko wapi?"

"Sijaleta mgonjwa. Nina jina la dawa tu." Nikamwonyesha simu, nikaongeza kama nilivyoagizwa: "Ni ya nyanya imeiva."

Uso wake ukabadilika. "Hiyo niliacha kuweka."

"Kwa nini?"

"Nilichoka kuongea na watu hawasikii." Akanirudishia simu. "Jaribu Karurumo. Huko utapata." Alishaanza kumwangalia aliye nyuma yangu. Nilitoka nikidhani amenidharau kwa sababu sikuja na mavi ya ng'ombe.

Saa saba, Karurumo, baada ya Runyenjes. Duka lilikuwa dogo, redio inaimba nyimbo za injili, na juu ya mlango kuna kibandiko cha Zaburi. Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye mikono ya haraka. Niliona kwamba kila anayeomba dawa ya kupulizia mboga anaulizwa swali moja, kwa sauti ile ile ambayo mhudumu wa hoteli anauliza kama unataka chai ya maziwa au ya rangi.

"Ya soko ama ya nyumbani?"

"Ya soko," alisema mama aliyekuwa mbele yangu. Alikuwa analima mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani. Akapewa chupa.

"Ya nyumbani," alisema mzee mmoja wa sukuma wiki.

"Ya nyumbani tumia jivu na sabuni, mzee wangu. Kwani unataka kumaliza wajukuu?"

Mzee akacheka, akanunua kipande cha sabuni, akaenda zake. Zamu yangu ikafika.

"Ya soko ama ya nyumbani?"

"Ya soko," nikasema, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kweli, na kwa kuwa nilikuwa na njaa.

Akaniwekea chupa mbili. "Kifuniko kimoja kwa pampu. Ukitaka nyanya ing'ae, weka viwili."

"Lakini tofauti yake ni nini, hiyo ya soko na ya nyumbani?"

Yule mama wa mishiri alikuwa bado anafunga mzigo wake. Akageuka. "Kwani wewe umetoka wapi?"

"Thika."

"Basi wewe ndio unakula ya soko!"

Duka zima likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Kicheko kilinitoka kabla maana haijaingia. Ilipoingia nilikuwa nimeshika chupa, nasoma maandishi madogo ya nyuma. Usivune kabla ya siku saba. Nikahesabu kwa vidole. Leo Jumanne. Murithi apulizie kesho. Lori inapakia Alhamisi.

"Bosi," nilimwita muuzaji, "hapa imeandikwa siku saba."

"Imeandikwa," alikubali, bila kuinua macho. "Lakini lori haijui kusoma."

Safari hii sikucheka.

Kutoka hapo hadi Igoji barabara inazunguka na kushuka kwenye mito, inapanda tena kati ya chai na migomba, na siku nyingine yoyote ningesimama kila daraja niangalie maji. Siku hiyo nilisikia chupa mbili tu, zikigongana kwenye mkoba mgongoni. Nilijiambia kwamba Murithi si kama wale. Murithi ni mzee wa kanisa. Huenda anataka dawa ya msimu ujao.

Saa kumi na moja jioni niliteremka Mitunguu, joto likanipiga usoni. Migomba imesimama pande zote, maji yanatiririka kwenye mabomba, udongo unanukia unyevu. Wanjira alinikimbilia huku amefunga kanga kiunoni, akanizungusha aone kama nimekonda. Murithi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisalimu kwa Kimeru.

"Muuga, shemeji! Njoo uone shamba kwanza, chai itangoja."

Nusu eka hiyo ilikuwa nzuri kuliko picha. Nyanya zimening'inia kwenye vijiti, nyekundu, nyingi hazina doa, zina vumbi jeupe kidogo kama unga wa ngano. Nilichuma moja, nikaisugua kwenye suruali, nikaing'ata.

Kofi la Wanjira lilinipata kwenye mkono. Nyanya ikaruka.

"Tema! Tema, Nyaga! Hiyo ni ya soko!"

Alinivuta hadi bombani kama mtoto, akanilazimisha kusukutua mara tatu. Murithi alisimama pembeni, anaangalia viatu vyake. Kisha dada akanipeleka nyuma ya jikoni, kwenye mistari minne ya nyanya chini ya migomba. Zilikuwa ndogo, nyingine zimepasuka, nyingine zina vidonda vya wadudu. Akachuma moja, akanipa.

"Kula hii. Hizi ndizo zetu. Hatupigi dawa."

Niliila nikiwa siisikii ladha. Nilikuwa nafikiria ule unga mweupe. Kwa miaka miwili sokoni Thika nimekuwa nikizipitia kreti kwa mkono wangu mwenyewe, nachagua zenye unga. Nilikuwa na hakika kwamba huo ndio usafi wa shamba, kwamba zimetoka kwa mkulima anayejali. Zenye madoa nilizirudisha. Nikikatia kachumbari nilizisuuza haraka haraka, mara nyingine nilizipangusa tu. Kuna fundi mmoja wa kiwandani, Makena, ana mimba ya miezi saba. Kila mchana ananiambia, "Kachumbari, niongezee, lakini bila pilipili." Nami namwongezea kwa furaha.

Jumatano asubuhi tulikaa kwenye chai na nduma. Pampu ya kupulizia ilikuwa tayari mlangoni, imejaa maji. Chupa zangu mbili zilikuwa bado kwenye mkoba, na mkoba nilikuwa nimeulalia.

Murithi aliomba. Alishukuru kwa mgeni, kwa mvua, kwa mavuno. "Na uwabariki wote watakaokula jasho la mikono yetu, popote walipo." Tukasema amina. Akanyoosha mkono.

"Haya, shemeji, leta dawa. Jua halijawa kali."

"Siileti."

Wanjira aliweka kikombe chini.

"Umewaombea watakaokula," nilisema. "Sasa hivi umewaombea. Unajua ni nani?"

"Ni watu wa soko."

"Soko ni mimi, Murithi. Hakuna mwingine. Mimi nanunua, nakata, nawapa watu mbichi kwa sahani."

Nilitegemea aone haya. Badala yake alikasirika, na alivyoongea alinishtua kuliko lile kofi.

"Wewe ndio soko? Sawa. Basi nikuulize wewe, soko. Mwaka juzi nilingoja siku saba. Wadudu wakaingia. Broka alifungua kreti ya kwanza, akaona madoa matatu, akafunga mlango wa lori, akaenda. Nyanya zote niliwapa ng'ombe, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Nani alizikataa? Si wewe? Umewahi kununua nyanya ina kidonda, wewe Nyaga?"

Wanjira alinitazama. Ningeweza kudanganya.

"Hapana," nilisema. "Nazirudisha."

"Basi unaniambia nini?"

Nilisimama, nikatoka hadi shambani, nikahesabu mistari kutoka upande wa bomba, ambako nyanya zilikuwa zimeanza madoa.

"Hii kumi usiiguse leo. Siku zake saba zimeisha?"

"Hiyo nilipiga wiki mbili zilizopita, mingine wiki iliyopita," alijibu kutoka nyuma yangu.

"Nitaichukua yote. Ikiwa na madoa, nitaichukua na madoa. Na msimu ujao pia. Nikirudisha hata moja, usiniite shemeji."

Wanjira alileta uzi wa sufu, wa buluu, akaanza kuufunga kwenye vijiti, kutenganisha ile kumi na mingine yote. Mingine yote ilikuwa mistari thelathini na zaidi. Nilimpa Murithi chupa moja. Mkono wangu ndio uliompa, na hilo naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Alivaa pampu mgongoni, akafunga leso puani, akaingia upande wa pili wa uzi.

Alhamisi lori ilipakia zote pamoja. Kreti zangu hazikufungwa kwa kitu. Zile nyingine Wanjira alizifunga kwa uzi wa buluu, ili nisije nikakosea.

Nikirudi, saa sita mchana, nilisimama Karurumo kurudisha ile chupa iliyobaki. Muuzaji aliipindua mkononi.

"Ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Nimepata mistari kumi isiyoihitaji."

Aliniangalia mara ya kwanza usoni. "Ya nani? Ya soko ama ya nyumbani?"

"Ya Thika."

"Hiyo sijawahi kusikia," alisema, na akairudisha chupa kwenye rafu. Kabla sijafika mlangoni alikuwa amemuuliza mteja mwingine swali lake.

Ijumaa, saa saba mchana, Thika. Wafanyakazi walitoka kiwandani wakiwa na njaa yao ya kawaida. Makena alikaa mahali pake, akavuta sahani, akasita.

"Kachumbari, leo umetuletea nyanya gani hizi? Zina madoa. Si ungenunua kama zile za ng'ambo? Angalia zinavyong'aa."

Niligeuka. Ng'ambo ya barabara, mbele ya mama mboga, kulikuwa na kreti mpya tatu. Kwenye ukingo wa ya juu kilikuwa bado kimenasa kipande cha uzi wa buluu.

Nilikaa karibu na Makena nikamsimulia, kuanzia kuku kwapani hadi kofi. Aliacha kula, kisha akala, pole pole, madoa na yote. Alipomaliza alitazama ng'ambo. Mwanamume mmoja alikuwa anachagua. Alizipita zile za kawaida, akachukua moja yenye unga mweupe, akaisugua kwenye suruali.

"Na yule?" Makena aliuliza.

Nilisafiri nikidhani nakwenda kununua nyanya kwa bei nafuu na kunusa duka la utoto wangu. Nilichojifunza ni kwamba swali la Karurumo huulizwa kwenye kaunta, lakini jibu lake nilikuwa nikilitoa mimi, kila asubuhi, kwa mkono uliozirudisha zenye madoa. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikavuka barabara kumwendea yule mwanamume.