Hulda Kavetsa na Mlolongo wa Kanisani

Hulda Kavetsa alikuwa mwanamke wa hasira, na asiyelijua hilo alikuwa mgeni mjini. Wengine wana hasira za kuvunja vikombe. Yake ilikuwa ya kukaa kimya na kukutazama mpaka uombe radhi hata kama hulijui kosa lako. Alitoka kwao Maragoli akiwa bi arusi, akaja Sikstifoo, kama tulivyouita mji wa Eldoret, kumfuata mumewe Jacktone aliyekuwa dereva wa lori. Yeye mwenyewe alifua mashuka ya hospitali, na mikono yake ilinuka dawa hata siku ya Krismasi. Jumamosi, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, alifagia kanisa letu la Marafiki, wale waitwao Quakers, upande wa kwenda Kiplombe. Ndiyo maana ufunguo wa kanisa ulikaa kwake, umefungwa kwenye pindo la leso.

Sasa kuna jambo lazima ulielewe kuhusu Marafiki, la sivyo hadithi hii haitakuwa na kichwa wala miguu. Hawa watu hawapigi kura kanisani. Hawanyooshi mikono, hawahesabu vichwa. Wakiwa na shauri wanaketi, wanaomba, wanazungumza, wananyamaza, mpaka karani wa mkutano aone kwamba wote wamefika mahali pamoja. Hapo anauliza, "Marafiki, tuna nia moja?" Mmoja akisema hana, basi, shauri linalala, hata kama ni yeye peke yake na wengine wamejaa mpaka mlangoni. Choo cha kanisa kilichelewa misimu miwili ya mahindi kwa sababu marehemu Mzee Lazarus hakutaka mlango uelekee barabarani. Watu wakawa wanaomba choo kwa jirani, wakinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kuchimba. Aliyenung'unika kuliko wote alikuwa Hulda.

Ulikuwa mwaka ule wa mlolongo, themanini na nane. Watu walikuwa wametoka kupanga foleni uwanjani nyuma ya wagombea wao, na mchana kweupe foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Ukitaka kulalamika ulitazama kwanza nyuma yako, kulia na kushoto, kisha ukaamua kuzungumzia mvua.

Mtu mmoja aliyenufaika na foleni fupi alikuwa diwani wetu. Nisimtaje jina, watoto wake wako hai na hawana kosa. Sisi tulimwita Mheshimiwa. Alikuwa na malori ya kubeba mahindi kutoka Moi's Bridge, na Jacktone wa Hulda aliendesha moja. Tena ndiye aliyetoa mabati ya kanisa letu, kwa hivyo Mchungaji Johnstone alimwombea kila Jumapili, maombi marefu kuliko ya wagonjwa. Hulda alikuwa akikohoa yakifika katikati.

Kando ya mto Sosiani palikuwa na vijumba vya vibarua, watu wa kuvuna, kubeba magunia, kufulia wenye nazo. Walikaa hapo miaka. Mheshimiwa alipopataka, hakuna barua wala onyo. Asubuhi moja ya mvua likaja tingatinga, na nyuma yake vijana wa chama tawala na marungu. Kufikia saa ya chai kilichobaki ni matope na sufuria zilizopondwa.

Akitoka kazini, Hulda alikutana njiani na wale waliobomolewa. Mbele kabisa alikuwa msichana aitwaye Nanzala, aliyejifungua juzi tu, amekumbatia kichanga kilichofunikwa gunia la mbolea. Gunia la mbolea! Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na hakuwa akijisumbua kuyafuta.

"Mnaenda wapi?" Hulda akauliza.

"Hatujui, mama," Nanzala akasema. "Tunatembea tu."

Damu ilimchemka Hulda mpaka masikio yakawa moto. Hakwenda kwa mchungaji, hakwenda kwa wazee. Alifungua leso, akatoa ufunguo, akafungua kanisa. Akasogeza viti, akawasha jiko la mkaa kibarazani, akamvua mtoto lile gunia na kumfunga kwa kitambaa cha meza ya madhabahuni. "Mungu ana vingine," alisema.

Ebo! Kesho yake utadhani ameiba. Mheshimiwa alituma salamu kwamba Jumapili angekuja na wageni wake kwenye harambee ya kumalizia sakafu, na hakutaka kukuta uchafu kanisani. Uchafu ndio hao. Wazee wakaitisha mkutano upesi, wakakutana kibarazani maana ndani mlikuwa na watoto wamelala.

Karani wetu alikuwa Mzee Khisa, mwalimu mstaafu, mtu mpole aliyependa amani kupita kiasi, ile amani ya kutogombana na mwenye nguvu. Alisema maneno mazuri sana. Kwamba tunawahurumia, kwamba tungewatafutia mahali, kwamba kanisa ni la ibada. Kisha tukaketi kimya, kama desturi. Vichwa vyote vikainama, na kila mmoja akajifanya anamsikiliza Mungu huku akimwazia Mheshimiwa.

"Marafiki, tuna nia moja?" akauliza Mzee Khisa.

"Mimi sina," akasema Hulda.

Karani akatabasamu kwa taabu. "Mama Hulda, umesikia ule ukimya. Ukimya umesema."

"Ukimya haukusema kitu, Mzee. Ni nyinyi mmefunga midomo. Mwenye kuwatoa awatoe kwa jina lake. Asimsingizie Mungu."

Wakambembeleza. Wakamwombea apate unyenyekevu. Mama mmoja akampelekea sukari nyumbani, na Hulda akaipokea, akaikoroga yote kwenye uji wa wale watoto. Mchungaji Johnstone akaja na Biblia, akasoma habari za kuheshimu wenye mamlaka.

"Umesoma vizuri," Hulda akamwambia. "Sasa enda umsomee Nanzala. Yuko hapo ndani na matiti yamemvimba. Msomee."

Mchungaji hakuenda.

Lakini mtu hupigana vizuri na watu wa nje. Nyumbani ndiko kazi. Jacktone hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye watoto shuleni na tajiri mwenye hasira za karibu.

"Leo ameniita," akamwambia mkewe wakiwa mezani. "Ameniuliza, kwani wewe Jacktone huna sauti kwako?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Hulda, atanifuta. Unataka tukale mawe?"

"Na wale wakale nini?"

"Wale si wako!"

"Ni wa nani, basi? Niambie niwapelekee."

Jacktone akasukuma sahani, akatoka. Hulda alibaki akitazama ule ugali, na ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa sana. Aliwaza karo, kodi, na akawaza jinsi ilivyo rahisi kusema neno moja tu, "haya", na watu wote wakupende tena. Ndipo hasira ikamrudia, maradufu, kwa sababu walikuwa wamemfikisha mahali pa kutamani neno hilo. Alimfunikia mumewe chakula, akalala.

Jumapili ikafika, na Mheshimiwa naye, na magari mawili ya vijana wa chama. Kanisa lilijaa. Wale wa Sosiani walikuwa wamekusanywa nyuma, ukutani, vifurushi miguuni, Nanzala akinyonyesha chini ya leso ya Hulda. Mheshimiwa aliwatazama, kisha akamgeukia karani.

"Mzee, si niliwaambia?"

Mzee Khisa akaishika kofia yake kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba mkutano haujafikia uamuzi, kwamba kuna Rafiki mmoja bado hajaridhika.

"Mmoja?" Mheshimiwa akacheka kweli kweli, akishika kitambi. "Kanisa nzima imeshindwa na mama mmoja? Hapa mnakaa sana. Wacha niwafundishe vile serikali inafanya. Wenye wanataka kanisa yao iwe safi, wapange laini nyuma yangu. Wenye wanataka hawa watu wakae, nyuma ya huyu mama. Sasa hivi!"

Alisimama upande wa kulia. Hulda hakuambiwa, alikwenda mwenyewe, akasimama kushoto, akatugeuzia uso.

Nikuambie ilivyokuwa. Hakuna aliyekimbia. Walikwenda polepole, wakiwa na haya, wakijifanya wanapisha mtu, wakijikuta tu wako kule. Mchungaji Johnstone kwanza. Mama wa sukari. Wanakwaya. Walimu wawili waliokuwa wakijiita wasomi. Mzee Khisa alikwenda na kofia yake mkononi, akasimama karibu na dirisha. Mlolongo ukafika mlangoni, ukapinda, ukatoka nje. Na karibu na mwisho, akiwa ameinamisha kichwa, Jacktone.

Hulda alimwona.

Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kisha Nanzala akaja na mtoto wake, akasimama. Wenzake wa Sosiani nao wakaanza kusogea.

"Hao si washirika!" Mheshimiwa akafoka. "Hao hawahesabiwi! Rudini huko!" Vijana wa chama wakawarudisha ukutani. "Sawa. Huku ni kanisa. Huko ni mama mmoja. Imeisha, ama?"

"Umemaliza kuhesabu?" Hulda akauliza. "Basi ungoje. Bado sijaulizwa."

"Uulizwe nini?"

"Karani anajua. Mzee Khisa, uliza. Miaka yote umeuliza. Kwa choo uliuliza, tukangoja mtu mmoja misimu miwili. Leo ni watoto, na wewe umebanana hapo dirishani. Uliza!"

Kanisa likanyamaza. Safari hii ulikuwa ukimya mwingine, mzito, wa kumfanya mtu asikie tumbo la jirani likinguruma. Mzee Khisa alisimama mle mle kwenye mlolongo wa Mheshimiwa, kofia ikizunguka vidoleni. Ungeona uso wake ungemhurumia. Hulda hakumhurumia.

"Rafiki Hulda," akasema hatimaye, sauti kama ya mtu mwenye homa. "Una nia moja nasi?"

"Sina. Na sitakuwa nayo."

Mzee Khisa akavuta pumzi. "Basi, Mheshimiwa, hatujaamua."

"Hamjaamua? Na laini je?"

"Laini tumeiona, Mheshimiwa. Lakini Marafiki hatuamui hivyo. Hatujaamua, na kama hatujaamua hatuwezi kuwatoa." Akavaa kofia yake ndani ya kanisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akatoka kwenye mlolongo, akaketi.

Mheshimiwa alitazama huku na huku akitafuta wa kumwelewesha. Watu wakaanza kurudi vitini mmoja mmoja, macho chini. Alitoka akitukana kwa lugha tatu. Kuwavuta watu kwa nguvu mbele ya madhabahu, mbele ya wageni wake wa harambee, hakuthubutu. Akafanya lililomfaa mtu wa aina yake. Jumatatu alituma vijana wakapanda juu ya kanisa na kung'oa mabati yake, yote bila kubakisha hata moja, mvua za masika zikiwa juu yetu. Na Jacktone, aliyepanga laini kama alivyotakiwa, akafutwa kazi siku hiyo hiyo.

Alirudi nyumbani, akaketi mlangoni. "Nilisimama upande wake," akasema. "Hulda, nilisimama upande wake."

"Nilikuona," Hulda akajibu. Akamletea chai. Hakumwambia pole, na hakumwambia tena neno juu ya jambo hilo. Kesho yake Jacktone alikopa ngazi na maturubai, akashinda juu ya kuta za kanisa akifunika pale walipolala watoto.

Wale watu walikaa mpaka mvua zikapungua, wakapata vyumba hapa na pale, wengine Kiplombe, wengine wakarudi magharibi. Mtoto wa Nanzala alipona kikohozi. Tuliabudu chini ya maturubai mwaka mzima, tukilowa, na hapo ndipo nilipoanza kuona watu wakibadilika lugha. Mwanzoni walisema, "Hulda ametuponza." Baadaye wakasema, "Hulda alikataa." Kufikia mwaka uliofuata walikuwa wakisema, "Tulikataa."

Wakaja wageni kutoka Kaimosi, kwenye chimbuko la Marafiki, wamesikia sifa zetu. Mchungaji Johnstone aliwasimulia akifuta machozi. Kisha Mzee Khisa akasomea mkutano tamko la shukrani, lipelekwe kwenye makanisa mengine yajifunze, kwamba sisi Marafiki wa hapa, katika siku ya majaribu, tulisimama pamoja na wanyonge kwa moyo mmoja. Wageni wakaitikia amina. Tukanyamaza kama desturi, tukijisikia vizuri.

"Marafiki, tuna nia moja?"

"Mimi sina," akasema Hulda kutoka kiti cha nyuma.

Watu wakageuka. Alisimama, mikono yake ya kufulia imeshika kiti cha mbele.

"Mimi ndiye niliyesimama huko mbele. Niliwaona nyuso. Zenu zote, na ya mume wangu. Nawapenda, nakula nanyi, lakini uongo huo hautatoka hapa ukiwa na jina langu. Andikeni mlivyosimama, nami nitakuwa na nia moja nanyi leo hii."

Akaketi. Karani akangoja mtu aseme kitu. Lile tamko likakunjwa, likarudi mfukoni mwa Mzee Khisa, na mpaka naondoka Eldoret kila mkutano liliulizwa, na kila mkutano Hulda alijibu vilevile.