Jivu la Kamakis

Misimu miwili mfululizo, maharagwe yangu yalitoa majani mazuri, halafu yakageuka njano na kudumaa. Shamba liko Theta, nililinunua kwa pesa za kupasua mawe, na sipendi mtu anifundishe habari zake. Lakini kijana wangu mkubwa ndiye anayetulisha siku hizi, mimi na mama yake, kwa hivyo alipoongea ilibidi nimsikilize.

"Baba, hii udongo imekufa. Tukate ploti, tuuze. Broka wa mashamba ako tayari."

"Nipe msimu mmoja."

"Mmoja, Baba. Maharagwe yakidumaa tena, tunauza."

Mimi, kuomba msimu kwa shamba langu! Usingizi ukaniruka.

Nikaenda agroveti, duka la mbegu na dawa za shamba, kule Ruiru. Msichana wa pale akaniuliza zamani shambani palikuwa na nini. Nikamwambia kahawa, na mbolea ya dukani miaka yote.

"Basi guka, babu yangu, udongo imekuwa na asidi. Weka chokaa ya shamba. Ama jivu, lakini iwe safi, na uchanganye mapema kabla ya kupanda."

Mimi nilisikia jivu tu, maana jivu ni la bure. Kule Kamakis, kwenye hoteli za barabarani, wanachoma nyama kila siku ya Mungu. Nikajaza magunia, nikabebewa na bodaboda, nikachanganya na udongo. Mvua iliponyesha nikapanda.

Asubuhi moja nikakuta mbwa. Mbwa wa majirani wote, mikia juu, wanafukua mistari yangu. Lile jivu lilijaa mafuta ya mbuzi na vipande vya mifupa.

Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba watoto, umewapandia mbwa choma. Sasa wapelekee kachumbari."

Sikucheka. Niliokota mifupa hadi mgongo ukakataa, nikazungusha miiba, nikapanda upya kwenye mashimo. Tangu hapo, kila kukicha nilikuwa nimeinama shambani, nageuza majani moja moja.

Kijana akaja Jumapili, na viatu vyake vya kanisa. Akaangalia miiba, akaangalia mapengo. Halafu akachuchumaa, akashika jani. Lilikuwa kijani.

"Nitaambia broka angoje mavuno."

"Mwambie asingoje."

Akacheka, akaenda. Mimi nikarudi kuinama, kwa sababu maharagwe hayaogopi ukali wangu. Katika mstari wa mwisho, karibu na ule ua wa miiba, kulikuwa na jani moja ambalo sikuelewa kama bado ni kijani au linaanza njano. Nililitazama mpaka nikaitwa chai, na sikwenda.